Mfupa Nao Hulishwa Damu

Mwenzetu mmoja hapa Likoni akitoka kwenye feri na kupanda kile kilima huku akichechemea, sisi tulikuwa twamcheka: "Mzee, kaza mguu!" Nami nilikuwamo.

Kumbe ana selimundu, au sikoseli kama wengi tusemavyo. Ni ugonjwa wa kurithi: mtoto hupata jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama pia. Seli zake nyekundu za damu hujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo.

Mfupa wahusikaje? Mfupa si jiwe, uko hai. Kila siku kuna seli zinazoubomoa na zinazoujenga upya. Kichwa cha mfupa wa paja, pale nyongani, hulishwa na mishipa michache. Ikizibwa, mfupa hufa na huweza kuporomoka. Isitoshe, uboho hutanuka ukihangaika kuunda damu mpya, na mfupa huwa mwembamba.

Mbona sisi wapwani? Mwaka 1949 Anthony Allison alipima damu za watu nchini Kenya, akaona jeni hii imeenea pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, kwenye malaria nyingi. Mwaka 1954 alionyesha kwamba aliyerithi jeni moja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria.

Basi si jini wala uvivu. Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Siku hizi mkoba wake naubeba mimi mpaka kituo cha matatu.