Kurudisha trela nyuma: Mtihani unaomfichua dereva mgeni

MSAFIRI atokaye Mombasa kuelekea Nairobi hufika Mariakani baada ya takriban kilomita 35, na hapo hukumbana na malori mengi yanayopita katika mizani ya barabara kuu. Dereva mpya wa trela aweza kupita hapo asitambuliwe, kwani kwenda mbele hakumfichui mtu upesi. Ugeni wake hujitokeza pale anapoingia katika yadi ya ghala na kutakiwa arudi nyuma.

Ugumu wenyewe umo katika kiungo. Gari dogo ni kitu kimoja: ukikata usukani kulia huku ukirudi nyuma, mkia nao huenda kulia. Lori la trela ni vitu viwili, na linaporudi nyuma kichwa hakivuti tena bali husukuma. Usukani ukikatwa kulia, nyuma ya kichwa husogea kulia na kuisukuma pua ya trela upande huo huo. Mkia wa trela nao huenda kushoto.

Njia rahisi ya kulikumbuka hilo ni kushika usukani sehemu ya chini. Mkono unakoelekea, ndiko mkia wa trela utakakoelekea.

Hata hivyo, hiyo ni nusu tu ya somo. Trela ikishaanza kupinda haijinyoshi yenyewe. Dereva asipogeuza usukani upande wa pili ili kichwa kiifuate, kiungo hukunjika mithili ya kiwiko, na kona ya trela yaweza kugonga kichwa cha lori. Pembe ikizidi kiasi, usukani hauwezi tena kuirekebisha kwa kurudi nyuma. Dawa ni moja: kusonga mbele, kunyosha, kisha kuanza upya.

Jambo jingine linalowashangaza wengi ni kuwa trela fupi ni kaidi kuliko ndefu. Trela ya kubeba kontena la futi 40, yaani kama mita 12, hupinda polepole na kumpa dereva nafasi ya kusahihisha kosa. Ile fupi hupinda ghafla.

Upande nao una maana. Nchini Kenya dereva huketi kulia, hivyo mkia ukielekea kulia ataweza kuchungulia dirishani na kuuona. Ukielekea kushoto, hutegemea kioo cha kando peke yake. Penye nafasi, dereva mwerevu hupanga lori lake mapema ili apinde upande wake.

Si suala la fahari tu. Chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 kuhusu uzani wa magari, lori lililopakiwa laweza kufikia tani 56. Mzigo kama huo haumsikii mtu aliyesimama nyuma yake, na mara nyingi mtu huyo ni utingo anayeelekeza. Utingo asimame mahali ambapo uso wake unaonekana kiooni. Akitoweka, dereva akanyage breki papo hapo, ashuke, akatazame.

Leseni ya daraja la CE humruhusu mtu kuendesha lori zito lenye trela, lakini haimfunzi subira. Wahenga walisema kutangulia si kufika. Yadini, anayesimama mara tatu na kushuka mara mbili ndiye anayeegesha salama, utingo wake akiwa hai.