Mvua Ikinyesha, Kioski cha Maji Hulala Njaa

Fika Kyuso, kaunti ya Kitui, mwezi wa Septemba, utakuta mitungi imepangwa foleni kioskini tangu alfajiri. Rudi mwisho wa Novemba mvua ikiwa imekolea: foleni hakuna, mhudumu amekaa peke yake. Watu wanakinga maji ya mabati, wengine wanachota mtoni bure. Nani atalipia mtungi na maji yako mlangoni?

Shida ya Septemba huanzia hapo. Sisi tunaoshughulika na malipo tunaiona hivi: pesa ya maji huja kiangazi, mvua ikianza inakauka. Gharama nazo hazijui msimu. Mhudumu anataka mshahara, stima ina bili, bomba limepasuka. Kamati isipokuwa na akiba, pampu inaingia kiangazi ikiwa imechoka, halafu inafanyishwa kazi mchana na usiku. Inaharibika wakati ule ule mnaihitaji zaidi.

Tabianchi inavyobadilika, kukadiria msimu kumekuwa kama bahati nasibu. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa, mmoja baada ya mwingine. Kabla watu hawajapumua, mwisho wa 2023 El Niño ikaja na mafuriko. Na maji ya mjini hayajaepuka: mji wa Kitui hutegemea bwawa la Masinga, Mwingi hutegemea Kiambere, na yote mawili yako kwenye Mto Tana.

Wakamba hawakukaa bure. Kitui na Makueni zimejaa mabwawa ya mchanga: ukuta unajengwa kukatiza mto wa msimu, mchanga unajaa nyuma yake na kuficha maji jua lisiyafikie. Ndiyo maana Makueni ilipitisha sheria ya kulinda mchanga mwaka wa 2015. Lori likiondoka na mchanga, limeondoka na kisima.

Lakini somo la pesa tulilipata Kyuso. Karibu mwaka wa 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga kifaa ndani ya mikono ya pampu, kikawa kinatuma SMS kuonyesha pampu inavyotumika. Ikinyamaza, fundi anafuatilia. Pampu zilizokuwa zikikaa karibu mwezi bila kutengenezwa zikawa zinarudi kazini kwa wastani wa chini ya siku 3. Jaribio hilo likazaa FundiFix, huduma ya matengenezo ambayo jamii huilipia ada ya kila mwezi.

Kila mwezi, ndiyo, hata mvua ikinyesha. Piga hesabu: familia 60 zikitoa Sh50 kila moja, miezi mitatu ya mvua inaacha Sh9,000 za vipuri kabla kiangazi hakijabisha hodi.

Kama mradi wenu una nambari ya biashara, lipa kwa Lipa Bili, na kwenye nambari ya akaunti weka ile ya mita au ya familia mliyokubaliana. Usitume kwa laini ya kibinafsi ya mweka hazina, hata akiwa shemeji yako. Soma jina la mradi vizuri kabla ya malipo kukamilika, na usifute SMS ya malipo. Siku ya kikao, mweka hazina akisoma hesabu, itoe mlinganishe.