Njiti za kiberiti zafundisha sayansi India

Mwaka 1978, mhandisi kijana wa India, Arvind Gupta, aliomba likizo ya mwaka mmoja katika kiwanda cha malori alichofanyia kazi mjini Pune, akaenda wilaya ya Hoshangabad katika jimbo la Madhya Pradesh. Huko ulikuwa ukiendeshwa mpango wa kufundisha sayansi kwa vitendo, ulioanzishwa mwaka 1972 katika shule 16.

Tatizo kubwa lilikuwa vifaa. Vya dukani vilikuwa ghali, na katika shule nyingi, wala si za India peke yake, kifaa cha bei huishia kufungiwa kabatini kisije kikavunjika. Katika gulio la kijijini, Gupta aliona mpira mwembamba wa valvu ya baiskeli, akabaini kwamba njiti ya kiberiti huingia barabara katika tundu lake.

Mpira huo hukatwa vipande vifupi, na njiti, zikishakwanguliwa baruti, huchomekwa ndani yake. Njiti tatu hufanya pembetatu, nne hufanya mraba. Mtoto akiubonyeza mraba, hulala upande. Pembetatu hukataa katakata. Hapo huelewa mwenyewe kwa nini fundi wa paa hupanga mbao za kenchi kwa pembetatu, na kwa nini madaraja ya reli huwekwa vyuma vya mshazari.

Kifaa kingine ambacho Gupta alikieneza ni mota ndogo ya umeme. Huhitaji betri moja ya tochi, pini mbili za kufungia nepi, sumaku na waya mwembamba wa shaba uliopakwa vanishi. Waya huviringwa kuwa pete, ncha zake mbili zikiachwa nje kama ekseli. Pini hubanwa kwa mpira kwenye ncha za betri ili pete ining'inie kati yake, juu ya sumaku.

Siri ipo kwenye vanishi. Ncha moja hukwanguliwa yote, ya pili nusu tu. Umeme unapopita, pete hugeuka sumaku na kusukumwa izunguke. Lau ncha zote zingekwanguliwa kabisa, katika nusu ya pili ya mzunguko ingesukumwa kurudi ilikotoka, ikabaki kuyumba tu. Vanishi iliyoachwa hukata umeme wakati huo, nayo pete humalizia mzunguko kwa mwendo wake yenyewe. Pete ikikwama iondolewe upesi, kwani waya na betri hupata moto. Umeme wa ukutani usitumiwe kamwe, na sumaku ndogo ziwekwe mbali na watoto wachanga, kwa maana zikimezwa hujeruhi matumbo.

Mpango wa Hoshangabad ulifika mamia ya shule, na wanafunzi waliruhusiwa kuingia na vitabu katika chumba cha mtihani. Hata hivyo, serikali ya jimbo iliusitisha mwaka 2002. Gupta mwenyewe alifanya kazi katika kituo cha sayansi cha watoto mjini Pune kuanzia 2003 hadi 2014, na mwaka 2018 alitunukiwa nishani ya taifa ya Padma Shri. Vitabu vyake na picha za video za vifaa hivyo hupatikana bure katika mtandao wa intaneti, kwa lugha kadhaa.