Gumba la kulia bukari: kabla hujachagua shule ya ergoterapia

Kula bukari ni kazi ya kidole gumba. Vidole vinne vinamega tonge na kulizungusha kiganjani, kisha gumba linabonyeza katikati mpaka patokee kishimo cha kuchotea sombe. Hapa Dilala, mjini Kolwezi, hakuna anayewaza jambo hilo, mpaka siku jiwe litakapomwangukia mkononi.

Mtu akiumia hivyo kwenye shimo la mgodi, daktari mpasuaji anaunga mfupa na kushona kano. Anafuata mtu wa kine, yaani fiziotherapia, anayekunja na kukunjua kiungo mpaka kilegee. Mwenye ergoterapia, fani ambayo Watanzania wanaiita tiba kwa vitendo, anaanza na maswali: Papa, unakula namna gani? Vifungo vya shati unafungiwa na nani? Kazini ulikuwa unashika sululu au usukani? Anaanzia kwenye shughuli, ndipo anarudi kwenye kiungo.

Vijana waliomaliza kine huwaza kuendelea na fani hii, na swali lao la kwanza karibu kila mara ni nchi: Afrika Kusini au Ubelgiji? Mimi naona wameshika mkia wa jambo. Swali la kwanza ni mgonjwa gani unataka kumhudumia ukirudi Kolwezi, kwa sababu shule za ergoterapia hazifanani hata kidogo.

Chukua mkono. Kano iliyoshonwa ni dhaifu sana katika wiki za mwanzo. Ukiichezesha kwa nguvu, inakatika. Ukiiacha imetulia kabisa, inapona huku imeganda kwenye ala yake, na kidole hakikunji tena. Mtaalamu anapita katikati ya hatari hizo mbili: anamvalisha mgonjwa gango linalozuia kidole kunyooka kupita kiasi, na ndani ya gango hilo anampa mazoezi madogo yaliyopimwa. Kwa kawaida gango linakaa wiki 6 hivi, na kazi nzito inangoja mpaka wiki ya 12. Kwa mchimbaji anayekula alichochimba leo, wiki 12 ni nyingi. Ndiyo maana mtaalamu wa mkono anahitaji ujuzi wa kano na pia ujuzi wa kuzungumza na mtu mwenye njaa. Chuo Kikuu cha Pretoria kina diploma ya uzamili ya tiba ya mkono peke yake. Kina nyingine ya kumrudisha mtu kazini: unapima mwili wake unaweza nini, kazi yake inadai nini, na kipi kibadilishwe kati ya hivyo viwili.

Hiyo ya pili ningeitazama mara mbili kama ningekuwa kijana wa jimbo letu la Lualaba. Juni 2019 kuta za udongo ziliporomoka kwenye mgodi wa KOV, jirani na mji wetu, wakafa watu angalau 43. Habari za ajali huhesabu waliokufa. Anayetoka hai na uti wa mgongo uliovunjika anarudi nyumbani, na hesabu yake inaanzia hapo: nani atamgeuza usiku asipate vidonda, kiti cha magurudumu kitapitaje kwenye mchanga wa njia zetu, ataishi kwa biashara gani akiwa amekaa. Mfanyakazi aliyeandikishwa ana CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, ya kuidai. Wachimbaji wa mkono wengi hawamo kwenye daftari lolote.

Watoto nao ni ulimwengu wao. Mwaka 2020 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kasoro za kuzaliwa zilionekana zaidi kwa watoto ambao baba zao wanafanya kazi ya madini. Huo ni uhusiano. Chanzo chenyewe bado hakijathibitishwa. Ongeza mtindio wa ubongo, ambao unaweza kutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa au homa kali ya ubongo. Shule nyingi za nje zinafundisha tiba ya watoto kwa kufuata mawazo ya Mmarekani Jean Ayres juu ya namna ubongo unavyopanga hisia, ndani ya chumba chenye bembea na magodoro. Ni elimu nzuri. Lakini mama wa Dilala anakuja na mtoto mgongoni, amemfunga kwa kitenge, na anachotaka kujua ni namna ya kumlisha uji bila kupaliwa: akae wima, kidevu kiinamishwe kidogo, kijiko kije kutoka mbele. Kama moyo wako uko huko, tafuta shule inayowatuma wanafunzi majumbani.

Sasa lile linalowaangusha wengi: neno masta. Quebec na Marekani, masta ni mojawapo ya milango ya kuingilia fani. Ubelgiji na Ufaransa unaingia kwa masomo ya kwanza ya miaka 3, na Afrika Kusini kwa shahada ya miaka 4. Huko, masta au diploma ya uzamili ni ya yule ambaye tayari ni ergoterapeuti. Mwenye licence ya kine akiomba ile diploma ya mkono ya Pretoria, anaweza kufungiwa mlango, hata awe hodari namna gani. Huenda akalazimika kuanzia chini, na hapo Moshi (pale KCMC), Mulago ya Kampala au Chuo Kikuu cha Rwanda viko karibu zaidi kuliko Ulaya. Moshi ina faida ambayo hakuna anayeiandika kwenye karatasi: mgonjwa utamuuliza kwa Kiswahili.

Kuna kipimo kimoja cha kushika. Shirikisho la dunia la fani hii, lililoanzishwa 1952, linadai mwanafunzi atimize angalau saa 1000 za mazoezi chini ya msimamizi kabla ya kuhitimu. Kwa hiyo ukiandikia shule, usiishie kuuliza ada. Waulize saa hizo zinafanyika wadi gani, na msimamizi mwenyewe anatibu wagonjwa wa aina gani. Shule inayojisifu kwa mkono lakini inawatuma wanafunzi wote kwa wazee wa kiharusi imeshakujibu.

Na kama ni mkono kweli, waulize jambo moja zaidi. Gango la kisasa ni bamba la plastiki linalolainishwa kwenye maji ya moto na kuumbwa juu ya mkono wa mgonjwa. Likiachwa ndani ya gari juani linapinda. Bamba hilo linaagizwa kutoka nje. Waulize kama wanafundisha pia kutengeneza gango kwa plasta.