Mawe ya kijani ya Marsabit yatoboa siri za kilindi cha dunia

UFA mkubwa ulipotokea karibu na Suswa mnamo Machi 2018 na kuikata barabara ya Mai Mahiu kuelekea Narok, wakazi wengi waliingiwa na hofu kwamba bara la Afrika lilikuwa limeanza kupasuka mbele ya macho yao.

Baadhi waliamini kuwa chini ya nyayo zao palikuwa na bahari ya moto iliyokuwa ikitafuta njia ya kutokea.

Wanajiolojia wengi walieleza baadaye kwamba mvua kubwa za msimu huo ndizo zilizosomba jivu laini la volkano za kale lililokuwa limejaza nyufa za zamani. Hata hivyo, dhana ya bahari ya moto ingalipo, nayo si sahihi.

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya dunia iliyo chini ya ganda tunaloishi juu yake ni mwamba mgumu. Tabaka hilo, ambalo wataalamu huliita mantili, huanzia pale ganda linapokoma na kuteremka hadi kina cha takriban kilomita 2,900, ambako kiini cha chuma huanza.

Kati ya 1985 na 1994, wanasayansi wa mradi wa kimataifa wa KRISP walilipua baruti, baadhi yake ndani ya maziwa ya Bonde la Ufa, na kupima jinsi mitetemo ilivyopita ardhini. Waligundua kuwa ganda lina unene wa takriban kilomita 35 katika nyanda za juu za bonde hilo, lakini hupungua hadi kilomita 20 hivi Turkana. Mantili, kwa hivyo, haiko mbali sana na Wakenya.

Swali linalozuka ni hili: ikiwa mantili ni mwamba mgumu, lava hutoka wapi?

Sehemu ya jibu imo katika mawe ya kijani yanayopatikana Marsabit. Mlima huo, ambao leo unafahamika zaidi kwa msitu wake na mashimo ya volkano kama vile Gof Sokorte Guda, ni volkano pana iliyotapika basalti nyeusi kwa vipindi vingi. Pamoja na basalti hiyo vilitoka vipande vya mwamba ambavyo magma iliving'oa kutoka kwenye mantili ilipokuwa njiani kupanda.

Ukilivunja jiwe jeusi lenye kipande kama hicho, utaona chembe za kijani zinazometameta mithili ya vigae vya chupa. Hayo ni madini ya olivini. Huandamana na piroksini, na mara nyingine ganeti nyekundu au spineli nyeusi. Mwamba wa aina hii huitwa peridotiti, nao ndio mwamba mkuu wa mantili ya juu.

Vipande hivi ni vizito kuliko magma iliyovibeba. Iwapo magma ingepanda polepole, vingezama na kubaki chini. Kuwepo kwake juu ya ardhi ni ushahidi kwamba magma ilipanda kwa kasi, yamkini kwa muda wa saa au siku chache tu.

Peridotiti huweza kuyeyuka bila kuongezewa joto. Jambo hili si geni kwa anayepika maharagwe Nyahururu. Huko maji huchemka kwa joto la chini kuliko Mombasa, kwa sababu mgandamizo wa hewa ni mdogo, na ndiyo maana chakula huchelewa kuiva. Mwamba nao hufuata kanuni kama hiyo. Katika kina cha kilomita 100 hivi, peridotiti kavu huhitaji joto linalokaribia nyuzi 1,500 za Selsiasi ili ianze kuyeyuka. Karibu na uso wa dunia, nyuzi 1,100 na ushei zinatosha.

Bonde la Ufa linapotanuka, kwa milimita chache tu kila mwaka, mantili iliyo chini yake hupanda kujaza nafasi. Mgandamizo hupungua ilhali joto halipungui sana, na mwamba huanza kuyeyuka.

Njia ya pili ni ya viowevu. Maji na kaboni vikipenya katika mwamba, hushusha kiwango cha joto kinachohitajika kwa mamia ya nyuzi. Ni sawa na mpishi anayetia magadi katika maharagwe: moto ni uleule, ila maharagwe hulainika mapema.

Katika njia zote mbili, mwamba hauyeyuki wote. Kwa kawaida ni asilimia chache tu, na ni nadra kupita asilimia 20. Matone hujitokeza kati ya chembe za madini, hukusanyika, kisha hupanda na kuwa basalti.

Kinachobaki hufanana na machicha ya nazi baada ya tui kukamuliwa. Piroksini hupungua na olivini huzidi. Madini yaliyo rahisi kuyeyuka huwa yamekwisha kwenda zake.

Lakini machicha haya huweza kulowanishwa upya. Viowevu na magma kidogo kutoka kilindini zaidi hupita humo vikiwa vimebeba sodiamu, potasiamu, kaboni na maji. Humenyuka na madini ya zamani na kuzaa mapya, yakiwemo mika, amfiboli na apatiti.

Mawe ya Marsabit yamehifadhi hatua hizo zote. Katika baadhi yake, ganeti iligeuka kuwa spineli pale mgandamizo ulipopungua wakati wa kutanuka kwa ardhi. Baadaye viowevu vilipita na kuacha mika na amfiboli. Jiwe moja linalotoshea kiganjani, kwa hivyo, lina historia ya mamilioni ya miaka.

Historia hiyo inawagusa moja kwa moja watu wanaoishi juu yake. Mwamba uliolowanishwa hivyo ukiyeyuka tena, hutoa magma isiyo ya kawaida.

Mfano ni Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Ndiyo volkano pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya kabonati ya sodiamu katika nyakati zetu. Lava hiyo hutiririka ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, ambalo ni takriban nusu ya joto la basalti. Mnamo 2007 na 2008, mlima huo ulibadili tabia na kurusha majivu angani.

Hali ni ya hatari zaidi mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo mno, hivyo ni nyepesi na hukimbia. Ilisababisha maafa mnamo 1977, ikapita katikati ya mji wa Goma mnamo 2002, na kuwalazimisha maelfu kutoroka tena mnamo Mei 2021.

Viowevu vya kilindini vina neema pia. Katika kilima cha Mrima, Kwale, mwamba wa kabonatiti uliotokana na magma ya aina hii una niobi na madini adimu yanayotafutwa na viwanda kote duniani. Huko Olkaria, joto la magma iliyokwama chini ya ardhi limekuwa likizalisha umeme tangu 1981, na leo mvuke hutoa karibu nusu ya umeme wa Kenya.

Aidha, viowevu hivyo havijakoma kupanda. Utafiti uliochapishwa mnamo 2016 ulikadiria kuwa takriban tani milioni nne za gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka ardhini kila mwaka katika bonde la Magadi na Natron, zikipitia kwenye nyufa zinazofika chini sana.

Gesi hiyo haionekani wala haitishi kama ufa wa Suswa. Hata hivyo, kwa wataalamu, kupima gesi, mitetemo midogo na joto la chemchemi ndiko kunakoonyesha kinachoendelea chini. Milima ya Chyulu, ambayo maji ya mvua yanayopenya katika miamba yake huibukia chemchemi za Mzima zinazosaidia kukata kiu ya Mombasa, ililipuka mara ya mwisho katikati ya karne ya 19. Kwa hesabu za mantili, hiyo ni kama jana.