Mionzi ya Titi na Kalenda Yake

Wiki ya kwanza ya mionzi huwadanganya wengi. Mgonjwa hulala kwenye kitanda cha mashine, hasikii maumivu wala joto, anashuka, anavaa na kwenda zake. Siku tano zinapita na ngozi iko vilevile. Anajisemea kwamba yeye ni wa bahati, anaacha losheni aliyoshauriwa, anarudia ndoo za maji na jiko la mkaa. Halafu inaingia wiki ya tatu, titi linaanza kuwasha na kuwa jeusi. Au amekwisha kuruhusiwa, yuko kwao, ndipo ngozi ya kwapani inapochubuka. Hapo hofu humjia: huenda walinizidishia, huenda mashine ilikuwa mbovu.

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Mionzi huvuruga uwezo wa seli kujigawa, na seli za ngozi iliyo njiani nazo huguswa pamoja na zile za saratani. Ngozi hujitengeneza kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo kilichotokea leo katika tabaka la chini huonekana juu baada ya wiki mbili au tatu. Ndiyo maana madhara ya ngozi hufikia kilele wiki moja hadi mbili baada ya dozi ya mwisho, kisha hupungua taratibu. Kila mgonjwa angeambiwa hili siku ya kwanza, machozi mengi yangeepukwa.

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi wenye ngozi nyeusi. Vijitabu vingi vya wagonjwa vimeandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, na dalili ya kwanza inayotajwa humo ni wekundu. Kwetu wekundu unaweza usionekane kabisa. Ngozi huiva na kuwa nyeusi kuliko ya titi la pili, huwa ya moto ukiigusa, hukauka, hubana, huwasha, na vinyweleo huonekana kama nukta nyeusi. Mhudumu anayetafuta wekundu peke yake anaweza kukupita na kuandika kwamba ngozi ni nzima, kumbe usiku uliopita hukulala. Usingoje aone, mwambie. Sema inachoma, inabana, nguo ikigusa inauma. Nyumbani simama karibu na dirisha mchana, na kioo mkononi, ulinganishe matiti yote mawili. Walioondolewa titi waangalie kovu na upande wa pili wa kifua. Inua titi uone mkunjo wa chini, kisha angalia kwapa, maana ngozi huanza kufunguka pale inapogusana na ngozi nyingine na jasho likakaa.

Mkunjo huo ndio unaohitaji kazi zaidi, hasa kwa mwenye matiti makubwa anayeishi kwenye joto la pwani. Oga kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kwa kiganja, bila dodoki. Kuoga hakuzuii mionzi kufanya kazi, na anayetawadha aendelee kutawadha. Kausha kwa kugusagusa kwa kitambaa laini, usisugue. Kanga kuukuu, iliyofuliwa mpaka ikalainika, ni kitambaa kizuri kuliko taulo nyingi za dukani. Kunja kipande safi ukiweke chini ya titi kinyonye jasho, ukibadilishe kila kinapolowa. Sidiria yenye waya iweke kabatini. Vaa fulana ya pamba au dera pana. Mpate mtu wa kukupepea ukiwa umelala, au feni kama ipo.

Losheni isiyo na harufu, ile wanayokubali kituoni kwako, paka kidogo mara mbili au tatu kwa siku tangu dozi ya kwanza, ila uliza kama wanataka ngozi iwe kavu unapoingia kwenye mashine. Usipake dawa za kuchua zenye mentholi, limao, dawa ya meno, majivu, wala majani yaliyopondwa, hata kama aliyekuletea anakupenda. Mafuta mazito yasiyooshwa hutunza joto na uchafu. Kuhusu dawa ya kuzuia harufu ya kwapa, zamani wagonjwa wote walikatazwa. Tafiti za baadaye hazikuonyesha kwamba inaongeza madhara, hivyo kama kwapa halijachubuka na kituo chako kinaruhusu, itumie kwa amani. Wembe uuache. Ngozi ikifunguka na kutoa maji, ikinuka, ikitoa usaha, au ukipata homa, usiitibu mwenyewe: nenda siku hiyohiyo.

Kabla ya yote hayo kuna siku ya maandalizi, ambayo wagonjwa huiogopa kuliko inavyostahili. Utalazwa chali, mkono ukiwa umeinuliwa juu ya kichwa na kushika mpini, titi likiwa wazi. Wataalamu watapima, watachora kwa wino, pengine watakuwekea nukta ndogo za kudumu kwa ncha ya sindano. Mistari ya wino usiifute, na ikififia usiichore mwenyewe. Kila siku ya matibabu watakusogeza kwa milimita chache ili nukta zikutane na miale ya taa. Wagonjwa wengi, kwa moyo mzuri, hujisogeza ili kuwasaidia, na hapo ndipo kazi inapochelewa. Uwe mzito, waache wakuvute. Kisha watatoka chumbani, mashine itavuma dakika chache, na wao wanakuona kwenye skrini na kukusikia. Ukitaka kukohoa, inua sauti. Aliye na saratani upande wa kushoto huenda akafundishwa kuvuta pumzi na kuishikilia sekunde 20 hivi, ili mapafu yakijaa moyo usogee mbali na njia ya mionzi. Jizoeze nyumbani.

Mkono ule ulioinuliwa ndio kizuizi kwa wengi waliotoka kwenye upasuaji. Bega lililokakamaa haliwezi kukaa katika mkao huo, na tiba husubiri. Anza mazoezi mara daktari wa upasuaji anapokuruhusu: simama ukitazama ukuta, tambaza vidole juu polepole mpaka unapohisi kuvutwa, pumzika, rudia. Endelea nayo wakati wote wa mionzi na miezi kadhaa baadaye, kwa sababu misuli ya kifua huendelea kukaza hata ngozi ikiwa imepona.

Uchovu nao hufuata kalenda ileile. Hujikusanya wiki hadi wiki, na hauishi kwa kulala mchana kutwa. Kinachoupunguza, na hili limethibitishwa kwa tafiti nyingi, ni kutembea kidogo kila siku, hata nusu saa jioni jua likiwa limepoa. Hiyo haimaanishi kubeba ndoo. Kaeni kama familia mapema, mgawane nani atachota maji, nani atapika, nani atasindikiza. Mume anayeogopa kulala kitanda kimoja na mkewe aelezwe wazi: mionzi inayotoka kwenye mashine ya nje haibaki mwilini. Mgonjwa anaweza kumkumbatia mtoto, kumpakata mjukuu, kula sahani moja na wenzake. Nywele za kichwani hazidondoki kwa mionzi ya titi. Za kwapani zinaweza. Mimba ndiyo isiingie kipindi hicho, kwa hiyo zungumzeni na daktari kuhusu uzazi wa mpango usio na homoni.

Idadi ya siku ni jambo la kuuliza bila aibu. Ratiba ya miaka mingi ilikuwa grei 50 (grei ni kipimo cha mionzi) kwa dozi 25, yaani wiki tano. Utafiti wa START wa Uingereza, ambao matokeo yake ya miaka 10 yalichapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba grei 40 kwa dozi 15 katika wiki tatu hazikuzidiwa katika kuzuia saratani kurudi, na madhara kwenye titi yalikuwa machache zaidi. Mwaka 2020 utafiti wa FAST-Forward ukaonyesha matokeo mazuri ya miaka mitano kwa dozi tano ndani ya wiki moja. Kwa mama aliyetoka Kigoma au Mtwara na kupanga chumba Dar es Salaam ili ahudhurie Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, kupunguziwa hata wiki mbili za kodi na nauli si kitu kidogo. Si kila mgonjwa anafaa ratiba fupi, ila muulize daktari: mimi nafaa?

Ratiba ikishaanza, ishikilie. Dozi zilizorukwa huipa saratani nafasi. Mashine nazo huharibika: mwaka 2016 ile pekee ya Uganda, katika Hospitali ya Mulago, iliharibika kabisa na nchi nzima ikabaki bila tiba hiyo. Ikitokea umerudishwa nyumbani, usiondoke bila kuuliza siku zilizopotea zitafidiwa vipi. Ukiugua, ukifiwa, au nauli ikiisha, piga simu kabla ya kutoweka. Katika vituo vingi kuna ofisa ustawi wa jamii ambaye wagonjwa hawamjui mpaka wamekwisha kata tamaa.

Nimalizie na kikohozi, kwa sababu kinasahaulika. Sehemu ndogo ya pafu hupitiwa na mionzi, na kwa wagonjwa wachache huvimba kuanzia wiki chache hadi miezi sita baada ya kumaliza: kikohozi kikavu, pumzi fupi, homa kidogo. Wakati huo umerudi kwenu, na ukienda zahanati ya karibu cha kwanza kushukiwa ni kifua kikuu. Makohozi yapimwe, ni sawa kabisa, ila mwambie mganga kwamba ulipigwa mionzi kifuani, maana dawa za tatizo hili ni tofauti. Kabla ya kuruhusiwa omba muhtasari ulioandikwa wa tiba yako: upande uliopigwa, dozi, idadi ya siku, tarehe ya mwisho. Upige picha kwa simu, na nakala moja aishike mtu mwingine nyumbani.