Mashine Hufa kwa Kukosa Kichungi

Mashine ya kuzalisha oksijeni haina siri kubwa. Inavuta hewa ya chumbani, yenye oksijeni asilimia 21 tu, inaipitisha kwenye chembechembe za zeolaiti zinazonasa naitrojeni, na kinachotoka upande wa pili ni oksijeni ya asilimia 90 na zaidi. Mlangoni mwa hewa kuna kichungi cha sponji. Kichungi hicho hutolewa, kikaoshwa kwa maji na sabuni, kikakaushwa na kurudishwa, walau mara moja kwa wiki. Asipokuwepo wa kukiosha, vumbi huziba, kompresa huchemka, oksijeni hushuka, taa ya tahadhari huwaka. Mwishowe mashine husukumwa stoo, imebandikwa karatasi: MBOVU. Wodi nayo huandika barua ya kuomba mpya.

Nimeanza na sponji kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu vifaa tiba hupenda kuanzia kwenye bei ya mashine na kuishia kwenye kukata utepe. Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walichapisha hesabu ya vifaa zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye rasilimali chache. Karibu asilimia 40 vilikuwa havifanyi kazi. Utafiti mwingine wa Malkin, uliotangulia kwa mwaka mmoja, ulifuatilia maombi ya matengenezo kutoka hospitali 60 na kukuta kwamba sehemu kubwa ya vifaa vilivyokufa vilifufuliwa bila kipuri chochote cha kuagizwa nje. Fyuzi, plagi, waya uliokatika, mpira uliochakaa, mtumiaji ambaye hajaelekezwa.

Kwa hiyo fundi wa vifaa tiba si mtu wa kuitwa mambo yakiharibika. Ni mtu wa kuzunguka wodini kila wiki na daftari lake. Hospitali nyingi zinaye, lakini hazina fungu la vipuri, naye akiomba mpira wa mlango wa mashine ya kutakasia vyombo, ombi lake linapangwa nyuma ya dawa na mafuta ya gari la wagonjwa. Mpira huo ukivuja, mvuke haufikii kiwango, na upasuaji wa hospitali nzima husimama.

Kenya ilijaribu njia nyingine. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilikodisha vifaa kwa ajili ya hospitali 98, mbili katika kila kaunti na nne za kitaifa, matengenezo na mafunzo yakiwa ndani ya mkataba. Wazo lenyewe, la kulipia huduma badala ya kumiliki chuma, lilikuwa zuri, na nalitetea hadi leo. Kilichoharibu ni kugawa kifurushi kilekile kila mahali. Kamati ya Seneti iliyochunguza mpango huo na kutoa ripoti mwaka 2020 ilieleza vifaa vilivyokaa bure kwa kukosa wataalamu, umeme au maji, huku makato ya kila kaunti ya kulipia mpango huo yakiwa yamepanda kutoka shilingi milioni 95 kwa mwaka hadi milioni 200.

Mashine pia huweza kuwa nzima na bado isifanye kazi. Mashine ya maabara iliyotolewa kwa msaada, inayokubali vitendanishi vya kiwanda chake tu, hugeuka meza siku vitendanishi vinapoisha. Hapo tatizo limehamia bohari, na bohari ina mtego wake wa hesabu.

Chukua glovu. Hospitali imetumia boksi 600 katika miezi mitatu. Mtunza stoo anagawa kwa tatu, anaandika 200 kwa mwezi, anaagiza kwa kiwango hicho. Lakini kadi ya stoo inaonyesha kwamba katika siku hizo 90, siku 30 hazikuwa na glovu hata boksi moja. Boksi 600 zilitumika kwa siku 60, yaani 10 kwa siku, 300 kwa mwezi. Asiyezitoa siku za ukosefu huagiza pungufu, hukosa tena, na robo inayofuata huagiza pungufu vilevile. Uhaba unajizalisha wenyewe, na lawama zote inabebeshwa Bohari ya Dawa (MSD).

Bohari hiyo ina mapungufu yake, ndiyo maana Tanzania ilianzisha mfumo wa Jazia, Dodoma mwaka 2014 na nchi nzima mwaka 2018. Kituo kikikosa bidhaa MSD, hununua kwa mshitiri mmoja aliyeidhinishwa na mkoa kwa bei zilizokubaliwa, badala ya kila mfamasia kuhangaika madukani. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, mshitiri huleta ulichoagiza tu, na kadi ya stoo isiyojazwa kila bidhaa inapotoka humfikishia makosa yaleyale.

Ewe mjumbe wa bodi ya hospitali: ukiletewa ombi la kununua mashine mpya, uliza kwanza fungu la vipuri la mwaka huu ni shilingi ngapi, na ni kiasi gani kimekwisha kutumika. Ukijibiwa kwamba halipo, usitie saini.